Formasyo ya sheria na maadili ya uhalifu wa intaneti hapa Lubumbashi: ya kweli inapashwa kuwa na nini?

fundi_kamalondo

Jambo bandugu. Niko fundi wa telefoni na ordinatere, Kamalondo hapa Lubumbashi, nilisoma infomatiki kiisha nikafungula butiki. Kuko mambo inanisumbua kichwa, naomba benye banajua banijibu bila kunificha.

Saa hizi kunanifikiaka bantu ba namna mbili. Ba kwanza ni ba OPJ (bapolisi ba ankete ya tribinali), anaingia na telefoni mukononi anasema "fundi, fungula hii, tunataka mesaje za WhatsApp na majina ya bale alikuwa anaandikiana nabo", karatasi hakuna, PV (raporo ya polisi ya maandishi) hakuna, paka sauti ya mukubwa. Ba pili ni baklianti ba kawaida: bwana analeta telefoni ya bibi yake, patron analeta ordinatere ya mufanyakazi, mama mumoya balimukulia makuta kwa M-Pesa anataka nimutafutie mwizi na namba tu. Bote banaona juu niko na mashini na ninajua kupita kode, basi niko na haki ya kupita.

Sasa niliona tangazo ya formasyo, siku tatu, dolare 150, katikati ya muji, banaita "hakeri wa maadili" na cheti juu yake. Kwa programu banaandika Kali Linux (sisteme yenye vyombo vya kujaribu usalama), kuvunja wifi, kuingia mu Android, kiisha siku ya tatu saa ya mwisho banaandika "sheria". Saa moya tu.

Maulizo yangu: hii inaweza kunisaidia? Formasyo ya kweli juu ya sheria na maadili ya kazi yetu inapashwa kuwa na nini ndani? Na OPJ akirudia kesho nimuambie nini? Sitaki kupiganisha serikali, na sitaki kulala gereza ya Kasapa juu ya telefoni ya muntu.

Metre_Kampemba

Ndugu fundi, asante kwa kuuliza mapema, wengi wa kazi yako bananifikiaka wakati mambo imekwisha kuharibika, ndugu yao iko kwa kasho na mashini yote imechukuliwa.

Nianze na sheria yenyewe, juu bila hiyo hautajua kama formasyo ni nzuri ao ni ya kukula makuta. Katiba yetu ya 18/02/2006, kipengele 31, inasema kila muntu iko na haki ya siri ya barua na mawasiliano yake, na hiyo haki haiguswe ila pale sheria imeruhusu. Ona vizuri: ni sheria inaruhusu, siyo cheo ya mwenye kusimama mbele yako. Kiisha kuko Ordonansi-lwa namba 23/010 ya 13/03/2023, njo tunaitaka Kode ya Nimerike. Mbele yake tulikuwa tunavuta Kode Penali ya 1940, yenye iliandikwa wakati hakuna mwenye aliwaza mambo ya ordinatere, na sheria ya telekomu namba 20/017 ya 25/11/2020. Hii Kode mupya inaazibu kuingia mu sisteme ya muntu bila haki, kubakia ndani, kushika mawasiliano yake njiani, kugeuza ao kufuta data zake. Haina kipengele inasema mafundi ba butiki habahusiki. Kwa hiyo formasyo yote yenye ingali inafundisha na karatasi za mbele ya 2023, hata kama mufundishaji ni mukubwa, inakupeleka kubaya.

Ile ya bwana na bibi yake: hata kama ni bwana alinunua telefoni, mesaje zenye ziko ndani ni za bibi na za bale anaandikiana nabo. Hawezi kukupa ruhusa yenye yeye mwenyewe hana.

OPJ iko na kazi yake, na kazi ile tunaiheshimu. Lakini akikuhitaji kama mutaalamu, inapita kwa rekizisyo, ni kusema karatasi ya kukuomba kazi, ya maandishi: jina yake na cheo, namba ya dosye, ni telefoni gani (marke na IMEI, namba yenye ni ya telefoni ile peke yake), nini hasa unaombwa kutafuta, tarehe, sinyatire na kashe. Mutaalamu anakula kiapo, kiisha anaandika raporo. Bila hiyo karatasi, siku avoka wa upande ingine atauliza mbele ya juje "nani alifungula hii telefoni, kwa ruhusa ya nani", jina yenye itatoka ni yako peke yako.

Formasyo yenye inaweka sheria saa ya mwisho, wakati bantu banakusanya masakoshi ya kurudia kwabo, mimi siwezi kukushauri.

fundi_wa_Kenya

Metre nakuheshimu, lakini ruhusa niseme vile mambo iko huku chini. Niko fundi pia, komini ya Kenya, karibu na soko. OPJ akiingia na ukimuambia "leta rekizisyo", anaweza kucheka, anaweza kukuambia unaficha bezi, kiisha wewe njo unapanda gari. Na klianti ukimukatalia anapita kwa mujirani, mujirani anafungula kwa dolare 10, jioni wewe hauna ya kulisha batoto. Formasyo ya maadili ni nzuri, sikatae, lakini ifundishe hiyo: namna ya kukatala bila kuumizwa. Kusoma vipengele tu, kila muntu anaweza kusoma kwa telefoni yake.

Na neno ingine, fundi mwenzangu, tuseme ukweli. Mu kazi yetu klianti anatuachia kode yake juu ya kubadilisha ekra, na kuko mafundi banangaliaka mapicha, banazipitisha kwa Bluetooth, banacheka nazo na barafiki. Hiyo hakuna OPJ alibaomba. Inaniuma kabisa. Dada anakuletea telefoni na moyo wote, kiisha mapicha yake inazunguka mu muji. Kama kuko formasyo, ianzie pale, mbele ya hakeri na nini.

rezo_Kolwezi

Bandugu jambo, mimi nafanya usalama wa rezo mu kampuni ya mine upande wa Kolwezi, lakini famiya iko Lubumbashi na hii mada inanihusu sana.

Juu ya cheti: fundi, hakuna siku tatu yenye inakupa CEH, cheti ya kimataifa ya "hakeri wa maadili". CEH ni mutihani wa EC-Council, maulizo 125 kwa saa nne, na mwenye kukupa ni bao, siyo hoteli. Mutu akikuahidi cheti, umuulize paka moya: "ni nani anaisinyisha na naiangalia wapi kwa intaneti kama ni ya kweli?" Akianza kuzunguka, rudisha makuta yako mufukoni.

Sasa juu ya ruhusa niwapatie histwari yenye ilitokea kwa Marekani, inanifundisha kuliko kitabu. Mwezi wa 9, 2019, jimbo ya Iowa, bataalamu babili ba kampuni Coalfire, Gary DeMercurio na Justin Wynn, balilipwa na ofisi ya matribinali ya jimbo bajaribu usalama wa majengo, na kampuni ilisema kuingia usiku ilikuwa ndani ya kazi. Baliingia tribinali ya Dallas County, alarme ikalia, balibakia pale bakangojea polisi, bakaonyesha mukanda (barua) ya ruhusa na namba za kupiga. Serife akasema jengo ni ya kaunti, jimbo haina haki ya kumupa muntu ruhusa ya kuivunja. Bakalala buloko, bakashitakiwa wizi wa kuvunja nyumba, mashitaka ilikuya kufutwa paka mu mwezi wa kwanza 2020. Bantu ba kazi yabo, na kontra, na mukanda. Shida ilikuwa mwenye alisinyisha hakuwa mwenye nyumba.

Njo maana formasyo ya kweli inakufundisha kuandika kontra: ni mashini gani, saa gani mpaka saa gani, nini hairuhusiwe kuguswa, ukikuta data za bantu unafanya nini nazo, nani unapigia usiku kama kuko shida, na zaidi ya yote, mwenye kusinyisha iko kweli na nguvu juu ya kile kitu? Hapa kwetu hiyo ni kazi nzito. Butiki inatumia saiti yenye inalala kwa mashini ya kampuni ya Ulaya, patron wa butiki anakuambia "jaribu", lakini mashini siyo yake. Apa kijana mwingi anaanguka na hajui alianguka wapi.

Na maadili bantu banadharau, banaona ni mambo ya kanisa. Hapana. ISC2, chama ya kimataifa ya bataalamu ba usalama wa infomatiki, iko na amri zake ine na inasema zinafuatana: ya kwanza kulinda jamii, ya pili kutenda kwa ukweli, haki na kufuata sheria, ya tatu kutumikia vizuri mwenye kukulipa, ya ine kulinda kazi yenyewe. Patron iko wa tatu! Patron akikuambia "nisomee mail za delege wa sindika tujue banapanga nini", haujibu na tumbo, uko na kitu ya kusimamia. Na mail za kazini ziko na kanuni zake, wafanyakazi bamejulishwa ao habakujulishwa, kuko ankete ya wizi ao ni kumutafuta tu muntu. Hiyo ndiyo mambo ya kusomea siku mbili muzima, na mifano, na bantu banabishana mu sale. Kali unaweza kujifunza kwako na video.

mwalimu_Katuba

Bandugu, mimi ni mwanamuke, nafundisha infomatiki mu shule ya juu hapa Lubumbashi. Nimesoma zote na nashukuru sana ndugu wa Kenya kwa ile alisema juu ya mapicha, ilipashwa kusemwa na mwanaume na ameisema.

Kitu yenye ningeongeza ni ushahidi. Bakijana banawaza ushahidi ni kapitire ya ekra. Kapitire inatengenezwa na programu yoyote, jina na saa unabadilisha namna unapenda. Mu formasyo ya kweli unajifunza hivi: telefoni inakufikia, unapiga picha vile iko, unaandika saa na nani alikupatia, unaikata kwa rezo mutu asiifute toka mbali, kama imewaka na imefunguka hauizimi bila kuwaza juu inaweza kujifunga, kiisha unatosha kopi, na kopi ile unaipimia SHA-256, hesabu yenye inakuwa kama alama ya kidole ya data. Ile inakupa herufi na tarakimu 64, na nukta moya ndani ikibadilika namba yote inageuka. Unafanya kazi kwa kopi, ya mwanzo inabakia mu mfuko imefungwa. Kila mwenye kuigusa anaandika jina yake. Kuko kanuni ya kimataifa ya hii kazi, ISO/IEC 27037 ya 2012, na programu ya bure ya kuchunguza mashini kama Autopsy ya kujizoeza. Lakini ukifanya hii yote vizuri na hauna ruhusa, umetengeneza vizuri kosa yako mwenyewe.

Na bataalamu bapashwe kujua mipaka ya kile banasema. Bote tunakumbuka mambo ya Stanis Bujakera, mwandishi wa habari, alikamatwa Kinshasa 08/09/2023, akatoka gereza ya Makala mwezi wa 3, 2024, miezi sita. Mushitaki alisimamia sana kusema ni yeye njo alianza kupitisha karatasi fulani kwa telefoni. Sasa muntu wa infomatiki anajua picha ikipita kwa WhatsApp ao Telegram kama picha ya kawaida inapoteza habari zake za ndani, na ati namba ya IP inaonyesha rezo, haionyeshe kidole ya mwenye kubonyeza. Siku juje atakuita akuulize "ni huyu alituma?", jibu ya haki inaweza kuwa "hii mashini haiwezi kunijibu hilo". Kusema ile mbele ya bakubwa, inatakiwa roho, na inafundishwa! Mimi nafanyisha banafunzi bangu, mumoya anakuwa mutaalamu, mwingine avoka, banaulizana mpaka jasho.

Na tena ile Kode ya Nimerike siyo ya kushangilia tu. Kipengele 360 inaazibu mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya muntu kwa rezo, buloko mwezi 1 mpaka 6 na amande, ao moya ya hizo. Nani anasema ni uongo, na ilipimwa namna gani? Muntu wa kazi yetu anaweza kuitwa asaidie kutafuta "nani aliandika", na mwenye kutafutwa ni muntu aliyelalamikia maji ya Regideso. Formasyo yenye haikufundishe kuuliza hilo swali inakutengeneza kuwa chombo tu.

Kwa mwenye hana dolare 150: UNODC, ile ofisi ya Umoja wa Mataifa, iko na moduli 14 juu ya uhalifu wa mtandao, bure. Ya 3 ni sheria na haki za bantu, ya 4 mpaka 6 ni ushahidi na ankete, ya 10 ni siri ya maisha ya muntu, ya 12 ni mambo ya kusumbua na kuaibisha bantu. Ukikuta ya Kiingereza, unatumia tradiksyo ya telefoni, na kila moduli iko na mifano ya kubishania. Mukusanyike bafundi kumi, mulipe avoka mumoya na OPJ mumoya ao majistra wa kweli, musome nabo pamoja. OPJ bapashwe kuwa mu sale hiyo, ndugu wa Kenya. Akisoma na wewe, siku ataingia mu butiki anakujua jina na anajua unaongea nini.

fundi_wa_Kenya

Mama mwalimu hiyo ya kusoma na ba OPJ pamoja sikuiwaza. Kama munaianza mimi niko ndani, naleta na wengine wa soko.

fundi_kamalondo

Asanteni sana sana. Mimi nimeamua dolare 150 haziende kule. Mama mwalimu, niandikie mu mesaje ya ndani juu ya lile kundi.

Maulizo mbili zinabakia. Moya, ile ya mama wa M-Pesa, kweli namuambia tu "siwezi"? Inaniuma, alipoteza makuta ya biashara yote. Ya pili, Metre, kuko telefoni moya OPJ aliniachia tangu juma iliyopita, iko mu tiruwari, sijaifungula. Nifanye nini nayo?

rezo_Kolwezi

Ya mama wa M-Pesa nijibu mimi. Namba peke yake haikuonyeshe muntu, jina ya mwenye SIM iko kwa operatere, na operatere anaitoa kwa rekizisyo ya majistra. Mwenye kukuambia ataipata "kwa njia yake" anahonga muntu ndani, na hapo munakuwa babili mu dosye. Lakini usimurudishe mikono mitupu. Mara moya, dakika ile, apige operatere afunge ile franga kama bado iko kwa konti ya mwizi, kila saa inahesabika. Asifute hata SMS moya, namba ya transaksyo iko ndani. Aandike vile ilipita: alipigiwa saa ngapi, balimuambia nini, alibonyeza nini. Na hiyo anapeleka kwa parike na plainte. Kumuandikia hiyo karatasi vizuri, na kapitire zimepangwa na tarehe, hiyo ni kazi ya haki unaweza kumuuzia kwa bei ndogo.

Metre_Kampemba

Ndugu fundi, naungana na wa Kolwezi. Juu ya telefoni ya mu tiruwari:

Usiifungule, usiitie SIM ingine, usiunganishe kwa ordinatere. Ipige picha pande zote, andika marke, rangi, IMEI kama imeandikwa inje, siku ilifika, jina na cheo ya mwenye aliileta, na mwenye alikuwa butiki siku ile akaona. Itie mu anvelope, ifunge, sinyisha juu ya mufungo. Ile njo inaonyesha haukuigusa.

Kiisha mutafute OPJ mwenyewe, na heshima, bila kelele, bila bantu kusikiliza. Usimuambie "unakosea". Mwambie: "Afande, niko tayari kusaidia dosye yako, lakini bila rekizisyo kazi yangu itatupwa na juje na dosye yako itaanguka nayo. Unitolee karatasi, ao uchukue telefoni na unisinyie nimekurudishia." Ndugu wa Kenya, hii ndiyo namna ya kukatala yenye ulikuwa unauliza: unamuonyesha ni yeye utamuokolea dosye. Wengi banaelewa, juu bao pia baprokirere banabarudishia madosye. Akikataa yote mbili, usibishane mulangoni, nipigie mimi ao avoka mwingine, tunamuandikia majistra mwenye kusimamia baOPJ.

Na ukipata rekizisyo, ufanye kile kimeandikwa tu. Kama balikuomba mesaje za tarehe fulani na namba fulani, mapicha ya bibi yake haikuhusu. Ukikuta ndani picha za mutoto mudogo anatendewa mabaya, simama pale pale, usitoshe kopi, usimutumie muntu hata kwa jina ya ushahidi, andika saa na umuite majistra.

Kesho niko tribinali mpaka saa sita. Nyuma ya pale unitumie mu mesaje ya ndani ile karatasi ya kumurudishia, niiangalie mbele umupe asinyishe.